Tivii Iliyoinamishiwa Bi Mkubwa

Sogeeni mbele, ndugu zangu, sogeeni, hao waliosimama mlangoni nao wapate pa kukaa. Na kina mama huko nyuma ya pazia, kama sauti haifiki nigongeeni. Sitawaweka sana. Nina mfano mmoja tu, na nawaambia mapema kwamba mtu nitakayemtaja simjui wala sikusikia habari zake kwa jirani. Nimemtunga mwenyewe jana nikiwa nakunywa chai. Lakini nilipofika mwisho wake, chai ilinishinda. Nilishtuka kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba, mkono ukabaki na kikombe hewani. Basi msije mkatoka hapa mkinong'onezana, "Sheikh leo kamsema fulani." Sijamsema fulani. Ukijiona humo ndani, umeingia kwa miguu yako.

Kulikuwa na bwana mmoja anayekaa kwenye haya maghorofa mapya ya kupangisha, juu kabisa kule. Mtu mzuri. Lishikeni hilo tangu sasa, maana mbele huko mtataka kumtukana. Mtu mzuri, anaswali, hana ugomvi na mtu, jioni akitoka kazini yuko nyumbani kwake. Anaishi na mkewe, na watoto wao wako shule ya bweni. Baba yake alipofariki, na mama yake alipomaliza eda, hakumwacha bi mkubwa kijijini peke yake. Alimfuata mwenyewe, akambebea sanduku lake na mkeka wake, akampandisha ngazi zote zile kwa kumshika mkono, akampa chumba chenye dirisha. Wangapi kati yetu tumefanya hivyo? Nauliza tu. Naona wengine ghafla wanalitazama zulia.

Bi mkubwa alipofika alikuwa mchangamfu mno. Anakaa kwenye roshani kutwa nzima anatazama watu chini. Mwanawe akirudi anapewa habari za mtaa wote: nani kahamia, nani kagombana na mwenye duka, nani kaanika shuka moja siku nzima mpaka likanyeshewa. Kisha, taratibu, bi mkubwa akapoa. Roshani akaiacha. Akawa anakaa sebuleni chini kwenye mkeka wake, ameegemea ukuta, miguu kainyosha, tasbihi mkononi. Haulizi kitu, hacheki, haombi kitu.

Mwanawe akaingiwa na hofu. Akamwambia mkewe, "Mama anazimika hivihivi tukimwona. Hali vizuri, hasemi. Naogopa tutamzika mwaka huu."

Mkewe, naye mwanamke mwema, akasema, "Ni upweke, mume wangu. Sisi tunatoka alfajiri, tunarudi magharibi. Anaongea na nani, kuta? Mnunulie tivii kubwa pale sebuleni, aone watu, asikie maneno. Mama yangu mimi ndiyo iliyomrudisha duniani."

Sasa msiseme kwamba bwana huyu alikuwa hamjali mama yake. Kila asubuhi, hata akichelewa vipi, hakuacha kumwamkia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." "Umeamkaje?" "Nimeamka salama, namshukuru Mungu." Kiatu kimoja kashavaa, cha pili anakimalizia mlangoni, funguo zinalia mkononi. Jioni vilevile. "Umeshindaje mama?" "Nimeshinda salama, mwanangu." Anapita, anakwenda kuoga. Adabu kamili! Mwalimu wetu wa madrasa angempa alama zote.

Basi tivii ikanunuliwa. Lakini nyinyi mnaokaa nyumba za chini hamzijui taabu za ghorofa. Sebule yenyewe ndogo. Ukuta wa kwanza ni roshani na kioo kitupu. Wa pili umejaa milango. Wa tatu fundi aliugonga kwa vidole, ukaitika kama ngoma, akasema, "Huu ni ubao, bosi, hapa hata kalenda usitundike nzito." Ukabaki ukuta mmoja tu, ule wa tofali, unaopakana na jirani. Na chini ya ukuta huo limesimama kabati la vyombo la mke, alilopewa na mama yake siku ya harusi. Mzee Shekue, usicheke, wewe unalijua kabati la namna hiyo. Kabati hilo halisogezwi. Ikawa lazima tivii ipande juu ya kabati, karibu na dari. Na ikikaa juu vile imenyooka, mtu aliyekaa chini mkekani haoni picha, anaona mwanga wa roshani umejaa kwenye kioo, na shingo inamuuma.

Bwana akaenda mtaa wa vifaa vya umeme kutafuta kile chuma cha kushikia tivii ukutani, wenyewe wanakiita breketi. Kumbe ziko za kila namna! Muuzaji akamtolea moja nyembamba, akamwambia, "Hii, kaka, inabana tivii ukutani kama picha. Watu wengi wanaipenda, inapendeza." Akamtolea nyingine yenye mkono mrefu, inavutika mpaka katikati ya sebule. Bwana akazishika, akazigeuza, akazirudisha.

Muuzaji akamuuliza, "Kwani anayetazama anakaa wapi?"

"Anakaa chini, kwenye mkeka. Ni bi mkubwa wangu."

"Ah! Basi wewe unataka ya kuinama." Akapanda kwenye ngazi yake, akashusha breketi nyingine. Akaionyesha inavyofanya: unashika tivii juu, unaivuta taratibu, inainamisha uso kuelekea chini, ukiiacha inakaa hapohapo. "Hii inamfuata mtazamaji alipo," akasema.

Bwana yule akaipenda palepale. Lakini alipoifikisha nyumbani, mkewe akaiangalia, akaguna. "Itatokeza ukutani, mume wangu. Wageni wataona kama inataka kuwaangukia. Kwa nini hukuchukua ile ya kubana?"

Akajibu, "Wageni wanakuja na kuondoka. Mimi nataka imwinamie mama."

Mnasikia maneno hayo? Nataka imwinamie mama. Nilipomtungia maneno hayo nilimpenda bwana huyu. Nikasema, huyu ndiye mfano wa mtoto mwema, nitamtaja Ijumaa watu wamuige. Sikujua ninakopelekwa.

Jioni hiyohiyo akachukua utepe wa kupimia, akaenda mkekani kwa mama yake. Akapiga magoti. Akaweka mwanzo wa utepe sakafuni, akaupandisha taratibu mbele ya uso wa mama, mpaka kwenye nyusi. Kwa mkono wa pili akamshika kidevu, kwa upole kabisa, kichwa kisisogee. Mama akatulia. Vidole vyake vikasimama kwenye tasbihi.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Napima usawa wa macho yako, mama. Tivii nitakayokuwekea isije ikakuumiza shingo."

Vidole vya bi mkubwa vikaanza tena kuhesabu tasbihi. Kisha akasema, "Haya. Mungu akubariki." Na bwana akainuka, akaenda kupiga hesabu zake za ukutani.

Mwenye nyumba naye akabembelezwa mpaka akakubali, shingo upande, ukuta wake utobolewe. Jumamosi fundi akaja na mashine. Akatoboa, vumbi likajaa, akapiga vipande vyake vya plastiki ndani ya matundu, akakaza skrubu, akaning'inia kwenye breketi kwa uzito wake mwenyewe ili waone kwamba imeshika. Breketi haikutikisika. Mke akafagia vumbi. Bwana akasema, "Kabla hatujapandisha tivii, nimlete mama akae mahali pake, tuone pembe iweje." Akamleta kutoka chumbani, akamkalisha kwenye mkeka, akarudi ukutani kwa fundi. Akaishika breketi kwa mikono miwili, akaiinamisha.

"Hapo je, mama? Tuiinamishe zaidi, au hivi?"

Bi mkubwa akainua uso kuelekea sauti ya mwanawe. Akatabasamu. Akasema, "Hapohapo, mwanangu, imekaa vizuri sana. Picha safi. Na huyu binti anayesoma habari, mtandio wake umempendeza, mashaallah."

Ndugu zangu. Ukutani hapakuwa na tivii.

Nasema tena, wale wa nyuma wasikie. Ukutani hapakuwa na tivii! Tivii ilikuwa kwenye boksi lake, imeegemezwa kwenye kochi, hata utepe wa gundi haujakatwa. Ukutani kulikuwa na chuma kitupu na vumbi la tofali. Sauti ya binti anayesoma habari ilikuwa inatoka kwa jirani, upande wa pili wa ukuta. Mashine ya kutoboa ilipozimwa, ndiyo ikasikika.

Mkewe akacheka. Akasema, "Mama naye kwa utani!" Akamtazama mumewe acheke naye, akaona mumewe hacheki. Akamtazama fundi. Fundi ameshika bisibisi, hasogei.

Bwana akaiachia breketi. Akavuka sebule miguu mitupu juu ya zulia, kimya, akaja akachuchumaa mbele ya mama yake, uso kwa uso, pua karibu iguse pua. Na mama yake bado anaongea na ukuta. Anaongea na pale alipokuwa amesimama mwanawe. "Mwanangu, mbona umenyamaza? Iache hivyo hivyo, imekaa sawa. Usijichoshe."

Akasema, "Mama." Bi mkubwa akashtuka, sauti imetokea puani pake.

"Mama, hunioni?"

"Nakusikia, mwanangu."

La haula! Nakusikia, mwanangu! Hilo ndilo jibu alilopewa.

"Tangu lini, mama?"

"Lilianza jicho moja, hata kabla ya Ramadhani. Nikasema ni uchovu. Likafuata la pili, polepole, kama mtu anayefunga dirisha. Sasa ni zamani kidogo."

"Na hukuniambia! Kila siku nakuuliza umeamkaje!"

Bi mkubwa akatafuta uso wake kwa mkono, akaupata, akaupapasa. Hakuwa na hasira, na ndicho kinachoniumiza mimi, hakuwa na hasira hata kidogo. Akasema, "Unaniuliza nimeamkaje, nakujibu nimeamka salama. Nikitaka kuongeza neno, nasikia mlango. Nikajiambia, siku atakapokaa nitamwambia. Na juzi ulipokuja ukapiga magoti, ukanishika kidevu, nilisema alhamdulillahi, leo mwanangu kaona. Kisha ukasema ni habari ya tivii. Nikaona nisikuharibie furaha yako."

Mnaelewa lililotokea hapo? Mimi kila nikilirudia nywele zinanisimama. Alipiga magoti mbele ya macho ya mama yake. Akayapima kwa utepe yana urefu gani kutoka sakafuni. Na hakuyatazama! Kati ya uso wake na uso wa mama hapakuwa na hatua moja, na macho yale yalikuwa hayamfuati, na yeye alikuwa anasoma namba.

Mkewe alikaa chini palepale kwenye vumbi. Ndipo vitu vikaanza kumjia. Chai ambayo bi mkubwa alikuwa anasema ipoe kwanza, kumbe anaogopa kujimwagia. Sahani ambayo siku hizi haikumaliziwa upande mmoja, yeye akadhani hamu ya chakula imepungua. Na ukutani, kutoka chumba cha bi mkubwa mpaka chooni, mstari wa uchafu kwenye rangi mpya, usawa wa mkono. Alikuwa ameshamwambia bi mkubwa, kwa heshima kabisa, "Mama, tafadhali tusishikeshike ukuta." Na bi mkubwa alijibu, "Sawa, mwanangu." Kisha akaacha kutembea. Wakasema anazimika kwa upweke.

Wakampeleka kwa daktari wa macho siku iliyofuata, kwa kushikana mikono wote watatu. Daktari akamwangalia kwa mashine yake, muda mrefu. Akavua miwani. Akauliza, "Bibi anaishi na nani?"

Bwana akasema, "Anaishi na mimi."

"Nyumba moja?"

"Nyumba moja."

Daktari akamtazama. Akamweleza kwamba ni presha ya macho. Ilikuwa inazuilika kwa dawa ya matone, kama wangemleta ilipoanza. Yaliyokwisha kupotea hayarudi. Jicho moja limekwenda. La pili limebakiwa na mwanga kidogo, atajua tu kama ni mchana au usiku, na huo ndio watakaojitahidi kuulinda.

Mfano wangu umeishia hapo. Msiningojee niseme kwamba palitokea muujiza, bi mkubwa akaona. Nimemtunga mimi, ningeweza kumponya kwa sentensi moja, lakini ningewadanganya. Yale matone yalikuwepo kwenye duka la dawa miezi yote ile, na kina bi mkubwa wa kweli hawaponi kwa sababu sheikh kamalizia hadithi vizuri.

Sasa tuje kwetu. Na msije mkasema sheikh leo kaharamisha tivii. Sijaigusa tivii. Nunueni, tundikeni, inamisheni mnavyotaka. Wala sijaja kumtukana bwana yule, niliwaambia tangu mwanzo ni mtu mzuri, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Angekuwa mtu mbaya tungepumua. Tungesema, sisi si kama yule. Lakini yule alimtoa mama yake kijijini. Alimpa chumba. Alikataa breketi ya kupendeza kwa wageni akachukua ya kumwinamia mama. Wewe uliyekaa hapo, umefika hata nusu yake?

Sisi tuna salamu nzuri kuliko watu wengi duniani, na tunajisifu nazo. Mtu hajaulizwa hali yake, ya nyumbani, ya watoto, ya kazi, hatujamwacha. Lakini hebu tuambiane ukweli humu ndani: ni lini mara ya mwisho ulimuuliza mtu hali yake ukasubiri jibu? Tunauliza tunapita. Na wazee wetu tumewajua, wamelelewa hivyo, mzee haanzi na ugonjwa. Ukimuuliza umeamkaje atasema salama hata kama usiku kucha hakulala. Hilo "salama" si jibu, anakufungulia mlango uingie ukae. Sisi tukisikia salama tunafunga mlango kwa nje tunakwenda zetu, roho nyeupe, tumeshatimiza wajibu!

Na si mama tu. Mke anaulizwa "vipi?" na mtu anayetazama simu. Mtoto anarudi shule anaulizwa "umekula?" akisema nimekula basi yameisha, hata kama ana jambo limemkaba hapa kooni. Humu msikitini tunapeana mikono safu kwa safu, na mkono wa kushoto tayari unatafuta viatu. Tutakwenda kumwambia nini Mwenyezi Mungu siku hiyo? Tutamwambia, Ya Rabbi, nilimpa chumba? Nilimnunulia kitu kikubwa, nikakiinamisha kwake? Na tukiulizwa, ulimwona? Si ulimpa nini. Ulimwona?

Mimi hilo swali linanitetemesha, na nimekaa kwenye kiti hiki nikiwahubiria nyinyi.

Mwenyezi Mungu atusamehe, awarehemu wazazi waliotangulia, na waliobaki atufumbue macho yetu juu yao kabla ya yao kufumbwa. Sasa nendeni, na mwenye mama leo asiende sokoni kwanza. Aende kwa mama. Usimwamkie ukiwa umesimama. Vua viatu vyote viwili, kaa mbele yake, shika kitu mkononi, kitambaa, tunda, chochote, umwulize ni cha rangi gani. Usimuulize kuhusu kanzu yako, kanzu ya Ijumaa kila mama anajua ni nyeupe. Mwulize kile ulichokishika.

Akikujibu, "Kizuri, mwanangu, Mungu akubariki," usiinuke. Mwulize tena.